Figo Iliyopandikizwa Hujitengenezea Dopamini

Mtu anapopandikizwa figo, daktari wa upasuaji huunganisha vitu vitatu: mshipa unaoleta damu, mshipa unaoirudisha, na mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Neva hazishonwi. Zilizokuwa zikiihudumia figo hiyo kwa mwenyewe wa kwanza zimekatwa, na kwa muda mrefu figo mpya hukaa chini ya tumbo, karibu na nyonga, bila mawasiliano na ubongo. Hata hivyo hufanya kazi. Inajuaje chumvi ipi itoke na ipi ibaki mwilini?

Sehemu ya jibu ni dopamini. Wengi wamesikia jina hili likitajwa pamoja na furaha au ugonjwa wa Parkinson, mambo ya ubongo. Lakini kimeng'enya kinachoitengeneza kilipatikana katika figo, si kichwani. Mjerumani Peter Holtz na wenzake walikieleza mwaka wa 1938, karibu miaka 20 kabla ya Arvid Carlsson wa Uswidi kuonyesha kazi ya dopamini ubongoni.

Wakulima wa mpunga wa Mwea wataelewa upesi. Figo mbili huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu kila siku, ilhali mkojo huwa lita moja na nusu au mbili tu. Maji mengine yote hurudishwa mwilini na seli zilizo kwenye kuta za mirija midogo ya figo. Chumvi hurudi, maji huifuata. Seli hizo hizo huokota dopa, malighafi inayopita katika maji yaliyochujwa, na kuigeuza kuwa dopamini. Dopamini nayo hupunguza nguvu ya pampu zinazorudisha chumvi, hivyo chumvi ya ziada hutoka na mkojo. Ukila chumvi nyingi, figo yenye afya huongeza dopamini. Ni kama lango la mfereji linalofunguliwa na mkulima aliye pale pale kwenye jaruba, asiyengoja simu kutoka bwawa la Thiba.

Ndiyo sababu kukatwa kwa neva hakuzimi mtambo huu, na dopamini huonekana katika mkojo wa waliopandikizwa figo. Kinachouzima ni seli zenyewe kuumia, kwa mfano figo ikikaa muda mrefu bila damu kabla ya kuunganishwa.

Dopamini ya dripu ni jambo jingine. Kwa miaka mingi wagonjwa mahututi walipewa kiasi kidogo kwa imani kwamba kingekinga figo. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka wa 2000, wenye wagonjwa 328, haukuona kinga yoyote. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2009, dripu ilijaribiwa kwa watoaji waliokufa ubongo, kabla figo hazijaondolewa. Waliopokea figo hizo na kuhitaji kusafishwa damu mara kadhaa walikuwa asilimia 24.7, dhidi ya 35.4 kwa wengine. Kwa Kenya faida hiyo bado iko mbali, kwani figo hapa hutolewa na mtu aliye hai, mara nyingi jamaa.

Mtambo huu una kikomo. Dawa za kuzuia mwili kukataa figo, kama takrolimasi, huifanya figo ing'ang'anie chumvi na kupandisha shinikizo la damu. Dawa haziachwi kwa sababu hiyo. Kinachopunguzwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyo ndani ya mkate, krisps na viungo vya pakiti. Ile ya kuchovyea nyama choma inahesabiwa pia.

Mbegu za upupu zina dopa kwa wingi. Hilo halifanyi unga wake kuwa dawa ya figo: kipimo chake hakijulikani, na unaweza kushusha shinikizo ghafla au kuvuruga dawa nyingine. Aliyekwisha kuutumia amwambie daktari wake.

Shinikizo la damu linaweza kupimwa katika hospitali ya Kimbimbi au ya rufaa ya Kerugoya. Aliyepandikizwa figo akiona miguu imevimba, mkojo umepungua au uzito umepanda kwa siku chache, asisubiri tarehe ya kliniki.