Kuipa kompyuta yako domeni: hatua kwa hatua, na jinsi ya kulilinda jina lako

Wateja wetu wengi wanaopokea malipo kwa till wana kompyuta moja dukani au nyumbani. Ndiyo inayoweka stoki, oda na hesabu za siku. Kuna wakati utataka kuifikia ukiwa mbali, ama utataka mfumo wako upate taarifa papo hapo mteja anapolipa. Hapo fundi atakuambia: "Unahitaji domeni." Leo tuone maana yake, na mahali ambapo watu hupoteza pesa.

Domeni ni nini?

Kwenye simu yako umehifadhi namba ya mtu kwa jina lake. Ukibonyeza jina, simu inapiga namba. Domeni hufanya kazi hiyo hiyo. Mtu akiandika jinalako.co.ke, mtandao unatafuta namba iliyofichwa nyuma ya jina hilo, yaani anwani ya IP, kisha unampeleka kwenye kompyuta yako. Jina na kompyuta ni vitu viwili tofauti. Unaweza kubadilisha kompyuta kesho na jina likabaki lile lile.

Hatua ya 1: Sajili jina

Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na unayanunua kupitia wasajili walioidhinishwa nao. Biashara nyingi hutumia .co.ke. Mtu binafsi anaweza kuchukua .me.ke. Mashirika yasiyo ya faida hutumia .or.ke. Ile ya .go.ke ni ya serikali, kwa hivyo ukiona mtu anakuuzia, kimbia.

Ukilipa kwa simu, soma jina la biashara linalojitokeza kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na la msajili uliyemchagua, usiendelee. Ujumbe wa uthibitisho usiufute. Ndio risiti yako.

Hatua ya 2: Hakikisha jina ni lako kweli

Usiruke hatua hii, hata kama una haraka. Ni kawaida fundi kukusajilia domeni kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, kisha akakupa "pasiwadi ya mfumo" tu. Mkikosana, au fundi akihama, itakuwa vigumu kulipata: kwenye kumbukumbu za msajili, mwenye jina ni yeye. Anaweza kulielekeza kwenye ukurasa mwingine wenye till nyingine, na wateja wako walipe huko wakidhani wanakulipa wewe.

Kwa hivyo fungua akaunti ya msajili wewe mwenyewe. Tumia barua pepe yako, namba yako, na pasiwadi ambayo hujaitumia kwingine. Washa uthibitisho wa hatua mbili kama upo. Fundi akimaliza kazi, badilisha pasiwadi.

Hatua ya 3: Jua kama kompyuta yako inafikika

Fungua ukurasa wa rauta yako uangalie anwani ya IP iliyopewa upande wa nje. Kisha tafuta kwenye intaneti "IP yangu ni gani". Namba zikilingana, una anwani ya umma na unaweza kuendelea. Zikiwa tofauti, kwa mfano ile ya rauta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, kampuni yako ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mgeni kutoka nje hawezi kukufikia moja kwa moja, hata domeni iwe sawa.

Hapo una njia mbili. Omba anwani ya umma isiyobadilika kwa kampuni yako ya intaneti. Mara nyingi hulipiwa zaidi. Ama tumia huduma ya njia ya ndani kwa ndani, ambapo kompyuta yako yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kuunganishwa na seva ya nje, na wageni wanapitia huko.

Hatua ya 4: Elekeza jina

Ingia kwenye akaunti ya msajili, nenda sehemu ya DNS, uongeze rekodi ya aina ya A yenye anwani yako ya umma. Kama anwani hubadilika kila rauta inapozimwa, weka muda wa kumbukumbu uwe mfupi, mfano sekunde 300, na utumie programu ya DNS inayojisasisha yenyewe. La sivyo, stima ikipotea na kurudi, jina lako linaweza kuelekeza kwa rauta ya mtu mwingine.

Hatua ya 5: Fungua mlango mmoja tu

Kwenye rauta, ipe kompyuta anwani ya ndani isiyobadilika, kama 192.168.1.20, kisha elekeza poti ya 443 kwake. Hiyo ndiyo poti ya HTTPS. Cheti cha HTTPS unaweza kukipata bure kutoka Let's Encrypt. Kwa kawaida hudumu siku 90, kwa hivyo weka programu ikihuishe yenyewe. Huenda ukahitaji poti ya 80 kwa ajili ya kuchukua cheti.

Usifungue poti ya 3389, ile ya kuendesha Windows ukiwa mbali. Wezi huitafuta usiku na mchana. Sasisha mfumo wa kompyuta, na uweke nakala ya hesabu zako mahali pengine.

Hatua ya 6: Pesa zihakikishe kwenye taarifa ya till

Kompyuta yako ikipokea ujumbe kwamba "mteja amelipa", bado linganisha kodi ya muamala na taarifa ya till kabla ya kutoa mzigo. Anwani iliyo wazi kwa dunia nzima inaweza kupokea ujumbe bandia. Na stima ikikatika, ujumbe wa kweli unaweza kukosa kufika ilhali pesa zimeingia. Taarifa ya till ndiyo ya kuaminika.

Ukishamaliza, chunga haya mawili

*Kuhuisha.* Domeni hulipiwa kwa kipindi, mara nyingi mwaka. Ukisahau, itaisha, na baadaye mtu mwingine anaweza kuisajili. Akiichukua, barua pepe za jina hilo zitaenda kwake, pamoja na zile za kubadilisha pasiwadi. Weka kumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla. Ukipata SMS ya "domeni yako inaisha leo, lipa hapa", usibonyeze kiungo. Ingia mwenyewe kwa msajili uangalie tarehe.

*Kusoma jina vizuri.* Tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata jina (au mwisho wa anwani kama haupo), kisha soma kuanzia hapo kurudi nyuma. Anwani ya jinalako.co.ke.mfano.com si yako. Ni ya mwenye mfano.com. Wafundishe wateja wako pia.

Na kama kawaida: hakuna msajili, fundi wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili kukuwekea domeni. Akiiomba, kata simu.