SOMO LA MWEZI: ASIYE NA KWAO



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 22, tunasoma jinsi Paulo alivyofungwa kamba ili apigwe mijeledi. Aliposema kwamba yeye ni raia wa Rumi, jemadari aliogopa, na waliokuwa tayari kumpiga wakaondoka mara. Uraia ulimwokoa. Lakini je, asiyeweza kulisema neno hilo, apigwe?

Swali hili si la zamani tu. Tuwatazame Wamakonde wa Kwale, pwani ya Kenya. Wazee wao walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, hawakuhesabiwa kuwa raia. Walizaa na kuzikana hapo hapo, lakini vitambulisho hawakuwa navyo. Na asiye na kitambulisho hapigi kura, haweki fedha benki, na akimwona askari polisi hubadili njia.

Oktoba 2016 mamia yao walifunga safari kwenda Nairobi, na watetezi wa haki za binadamu wakafuatana nao. Tarehe 13 Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaomba radhi kwa kucheleweshwa kwao, akaamuru wapewe vitambulisho. Februari 2017 vikatolewa, nao wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Wanubi wa Kenya, ambao wazee wao walikuwa askari kutoka Sudani katika jeshi la Mwingereza, walitetewa kwa njia nyingine. Kesi ya watoto wao ilipelekwa mbele ya Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto. Machi 2011 Kamati iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto hao, kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia tangu kuzaliwa.

Tuone tofauti. Wamakonde walifunguliwa mlango kwa jina la kabila. Wanubi walitetewa kwa sababu mtoto ni mtoto. Sisi twafurahi pamoja na Wamakonde, maana jina lao liliwapa nguvu ya kusimama pamoja. Lakini tukisema kwamba kabila ndilo linalompa mtu uraia, yatima asiyejua kabila lake atabisha mlango gani? Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 15, linampa kila mtu haki ya kuwa na uraia. Halitaji kabila. Kabila na liwe nyumba ya kukaa, lisiwe lango la kufungia wengine nje.

Nasi tunayo kazi. Kitabu cha ubatizo huonyesha jina la mtoto, wazazi wake na tarehe. Kwa maskini huenda huo ndio ushahidi pekee ulioandikwa. Basi kiandikwe kwa uangalifu, kisiliwe na mchwa. Na jirani aliyezaliwa kijijini mwetu tusimwite mgeni kwa sababu ya jina la babu yake.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:
1. Ni nani kati yetu asiye na cheti cha kuzaliwa? Tumsaidieje?
2. Ni lini mgeni huacha kuwa mgeni?
3. Je, tungemtetea mtu asiye wa kabila letu?