Fundi wa Bunduki: Tutamjuaje Aliye Mwaminifu?

Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya jembe, baiskeli, nyavu na mashine ya kusaga. Vyombo hivyo vikiharibika tunavipeleka kwa fundi. Fundi akikosea, hasara yetu ni fedha na muda. Leo tunazungumza juu ya chombo cha namna nyingine. Fundi wa bunduki akikosea, mwenye bunduki anaweza kupoteza jicho, mkono au maisha. Na fundi asipokuwa mwaminifu, mwenye bunduki anaweza kulala mahabusu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Hapa Kanda ya Ziwa wapo wazee wenye bunduki za zamani zilizo na leseni. Bunduki ikizeeka huharibika kama chombo chochote. Kifyatulio hulegea, kitako hupasuka, mtutu huliwa na kutu. Je, mzee huyo aende kwa nani?

Bunduki za zamani hazifanani

Kwanza tujue kwamba bunduki za zamani ni za aina nyingi. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, Ubelgiji. Yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiletwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni, iliweza kuruhusiwa kwa masharti. Hiyo ni sababu moja ya gobore kudumu vijijini muda mrefu.

Kisha ikaja vita kuu ya 1914 hadi 1918. Wajerumani walikaa Mwanza mpaka Julai 1916, Waingereza walipouteka mji. Kila upande ulikuwa na bunduki zake na risasi zake. Risasi ya Waingereza haikuingia katika bunduki ya Mjerumani.

Hata bunduki za Wajerumani wenyewe hazikuwa sawa. Risasi yao ya mwanzo ilikuwa na unene wa milimita 8.08. Baadaye walitengeneza nyingine yenye unene wa milimita 8.20. Tofauti ni milimita 0.12 tu, kama unene wa karatasi moja. Lakini risasi nene ikipigwa katika mtutu mwembamba wa zamani, mtutu unaweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Basi fundi asiyejua kusoma chapa zilizopigwa kwenye chuma, na asiye na vipimo, hawezi kuwa fundi wa bunduki. Hata akiwa hodari wa kutengeneza majembe, bado hajawa fundi wa bunduki.

Leseni ni ya mtu, siyo ya ukoo

Kabla ya kumtafuta fundi, tutazame karatasi zetu. Nchini Tanzania silaha za raia zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Mwenye bunduki lazima awe na leseni. Jina lililo kwenye leseni liwe lake, na namba iliyo kwenye leseni iwe ndiyo iliyopigwa kwenye bunduki.

Wengi hukosea hapa. Mzee akifariki, watoto husema, "Hii ni bunduki ya baba, sasa ni yetu." Hapana. Ng'ombe hurithiwa, shamba hurithiwa, lakini leseni ya bunduki hairithiwi. Familia itoe taarifa polisi. Anayetaka kuwa nayo aombe leseni kwa jina lake mwenyewe.

Je, ukikuta bunduki isiyo na karatasi katika nyumba ya marehemu? Usiibebe kwenda nayo mjini. Usiifiche darini. Nenda kwanza polisi mikono mitupu, pamoja na kiongozi wa kijiji, ueleze. Watakuambia namna ya kuikabidhi. Mwaka 2023 serikali ilitangaza msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari yao.

Tumtafute wapi?

Usianzie sokoni, wala kwa mhunzi, wala kwa rafiki anayesema, "Namjua mtu." Anzia kituo cha polisi cha wilaya. Uliza: "Ni fundi gani aliyeruhusiwa kutengeneza silaha za raia?" Kazi hiyo inahitaji kibali. Asiye na kibali anavunja sheria, na wewe uliyempelekea bunduki unaingia matatani pamoja naye.

Pengine fundi huyo atakuwa mbali na kijiji chako. Usichoke. Siku hizi safari ya kutoka Sengerema hadi Mwanza ni fupi kuliko zamani, maana Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025 na hatungoji kivuko tena. Waulize polisi namna ya kuisafirisha bunduki. Isiwe na risasi ndani. Leseni iwe mfukoni mwako.

Ukishafika kwa fundi, mpime kwa mambo haya:

1. Anaomba kuona leseni yako kabla ya kuishika bunduki. Asiyeuliza leseni hatengenezi bunduki yako peke yake. Anatengeneza na za wezi.

2. Anakuonyesha kibali chake bila kukasirika.

3. Anahakikisha mbele yako kwamba bunduki haina risasi, kisha anaikagua kabla ya kutaja bei.

4. Anaandika kasoro alizoziona, kazi atakayofanya, tarehe na gharama. Anaandika na namba ya bunduki. Wote wawili mnatia sahihi.

5. Akibadilisha kipande, anakurudishia kile cha zamani.

6. Yuko tayari kusema, "Hii haitengenezeki."

Fundi anayesema, "Niachie tu, njoo wiki ijayo," bila kuandika chochote, mwogope. Fundi anayejitolea kufuta namba, au kukuuzia risasi kwa siri, huyo ni mhalifu. Ondoka kwake mara moja.

Sisi watu wa Usukuma tunajua silaha ikikosa mwenyewe hufanya nini. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilifika mikononi mwa wezi wa ng'ombe. Watu waliporwa mifugo, wengine waliuawa. Ndipo miaka ya mwanzo ya 1980 sungusungu wakaanza kulinda vijiji kwa pinde na mishale. Bunduki iliyoachwa kwa fundi mbaya inaweza kuazimwa usiku na kurudishwa kabla hujaifuata. Ganda la risasi likiokotwa mahali pa ujambazi, litakayetajwa ni jina lako.

Mfano wa mzee mmoja

Tuchukue mfano. Tuseme mzee mkulima wa pamba ana bunduki ya zamani, na bolti yake inakwama. Jirani anamwambia yupo kijana gulioni anayechomelea kila kitu. Mzee anakataa. Anakwenda polisi, anaelekezwa kwa fundi mwenye kibali, na anamfikia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Karibu ukae. Kabla ya yote, naomba leseni yako."

"Mbona unaniuliza kama askari?"

"Babu, nisipoiuliza, nawe usiniamini."

Mzee anacheka na kuitoa. Fundi anasoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, na mzee anafuata kwa kidole kwenye chuma. Kisha fundi anafungua bunduki, anatazama ndani ya mtutu kwenye mwanga na kuupima.

"Babu, bolti ni kazi ndogo. Lakini mtutu umeliwa na kutu ndani. Ukipiga, unaweza kupasuka."

"Si uchomelee?"

"Naweza kuchomelea geti. Mtutu sichomelei. Moto huo unaharibu ugumu wa chuma."

"Basi nimekuja bure."

"Hapana. Umekuja na macho mawili, na utarudi nayo."

Mzee ana uchungu. Bunduki hiyo amekaa nayo miaka mingi, na fisi bado wanazunguka zizi lake. Lakini fundi yule ameacha fedha ambazo angeweza kuzipata kwa kudanganya. Huyo ndiye fundi mwaminifu. Mzee anarudi polisi, anaikabidhi bunduki na kupewa karatasi ya kuonyesha kwamba ameikabidhi. Habari ya fisi anaipeleka kwa uongozi wa kijiji na kwa afisa wanyamapori. Hata mwenye leseni ya bunduki hana ruhusa ya kuwinda wanyama pori ovyo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda.

Tuitunze isiharibike

Kazi nyingi za fundi huletwa na uvivu wetu. Baruti nyeusi ya gobore huacha masizi yanayovuta unyevu. Baadhi ya risasi za zamani nazo huacha chumvi. Hapa kando ya ziwa hewa ina unyevunyevu, kwa hiyo kutu huja upesi. Aliyepiga bunduki asiiweke hivyo hivyo. Ahakikishe haina risasi, asafishe mtutu kwa maji ya moto, aukaushe kabisa, kisha apake mafuta mepesi ya bunduki. Aifungie mahali ambapo watoto hawafiki. Risasi zikae mahali pengine.

Yale ambayo mwenyewe asifanye ni haya: asikate mtutu, asichokore kifyatulio kwa tupa, asilazimishe risasi isiyoingia vizuri. Hayo ni ya fundi.

Ndugu wasomaji, zamani asiyejua kusoma alimpa fundi bunduki na kungoja huruma yake. Sasa tunajua kusoma. Tusome leseni, tusome chapa, tusome risiti kabla ya kutia sahihi. Bunduki ikirudi, tusome namba tena. Katika bunduki nyingi za kijeshi za zamani, namba imepigwa pia kwenye bolti. Isome na hiyo, uiandike daftarini kabla ya kuondoka nyumbani. Ikiwa imerudi na namba nyingine, ujue umebadilishiwa.

Maneno ya kujifunza

Mtutu: bomba la chuma ambalo risasi hupitia.
Kitako: sehemu ya nyuma inayowekwa begani.
Kifyatulio: kichuma kinachovutwa kwa kidole ili kupiga.
Bolti: kipande cha chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele ili kuingiza risasi.
Chapa: alama au namba iliyopigwa kwenye chuma.

Maswali ya kujadiliana

1. Leseni imeandikwa namba 48217. Bunduki imepigwa namba 48271. Je, ni bunduki ile ile? Utafanya nini?
2. Kwa nini fundi mwaminifu huomba leseni kwanza?
3. Jirani yako amefariki, na ameacha bunduki ndani. Mjane anakuomba umpelekee kwa fundi. Utamshauri nini?
4. Andika risiti ambayo ungependa fundi akupe. Iwe na tarehe, namba ya bunduki, kasoro, kazi, gharama na sahihi mbili.