Nzige wa Misri na Nzige wa Rukwa

Atokaye Sumbawanga kuelekea mashariki hufika ukingoni mwa nyanda za juu za Ufipa, penye genge kubwa liitwalo Lyamba lya Mfipa, akaliona Bonde la Rukwa chini yake. Mbuga zile za majani, zifurikazo wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi, ni makao ya nzige mwekundu. Huko, na katika mabwawa ya Mweru upande wa Zambia, ndiko yalikotoka makundi yaliyokula mashamba ya nchi nyingi za kusini mwa Ikweta tangu mwaka 1930 mpaka 1944.

Basi Mfipa asomaye sura ya kumi ya Kitabu cha Kutoka hahitaji kuelezwa nzige ni nini. Latupasa kueleza jambo jingine. Shamba likiliwa, wengi wetu husema upesi kwamba Mungu ametupiga kwa dhambi zetu. Na likiliwa la jirani, twasema hivyo kwa upesi zaidi. Je, ndivyo Kitabu kifundishavyo?

La. Mapigo ya Misri yalikuja pamoja na neno. Mfalme aliwashika watu utumwani akiwafyatulisha matofali, akadaiwa awafungue, akaonywa mara nyingi, na alipolegea Musa alimwombea, pigo likaondolewa. Nzige wasio na neno ni nzige tu. Hawa wa Rukwa huongezeka kwa mvua na majani, na dawa yao ni kazi: mwaka 1949 nchi kadhaa ziliunda shirika la kupambana nao, makao yake Abercorn, mji uitwao leo Mbala; na mwaka 2009, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuwazuia katika mbuga za Rukwa na Katavi kwa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu. Mkulima aliyeliwa ulezi wake hana kesi ya kujibu.

Farao ndiye aliyekuwa na kesi, nayo yaonekana wazi katika pigo hilo la nane. Kabla nzige hawajafika, watumishi wake mwenyewe walimsihi, kwa kuwa nchi ilikuwa imekwisha kuharibika. Akamwita Musa, akamwuliza ni akina nani watakaokwenda. Musa akajibu: wote, vijana na wazee, wana na mabinti, pamoja na mifugo. Farao akakataa. Waende wanaume tu! Tumesikia mahubiri mengi juu ya nzige wale, na machache mno juu ya majadiliano haya. Kumbe ndiyo yaliyowaleta. Mfalme alijua kwamba mwanamume ambaye watoto wake wamebaki rehani hafiki mbali. Baada ya giza, pigo la tisa, aliwaachilia watoto akataka kubakiza mifugo. Musa hakukubali hata ukwato mmoja ubaki.

Pande zetu hizi zalijua jambo hilo. Misafara ya pembe na watumwa ilipita Ufipa katika karne ya 19, na wafanyabiashara wale walithamini watoto, maana mtoto hukimbia kwa shida na husahau njia ya kwao. Adrian Atiman alikuwa mmoja wa watoto wa namna hiyo, ingawa aliibwa mbali na huku, karibu na Timbuktu. Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha huko Algeria, akasomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu na kufundisha dini huko hata alipofariki mwaka 1956.

Wayahudi, wanapoyataja mapigo kumi katika karamu yao ya Pasaka, hutoa kikombeni tone moja la divai kwa kila pigo. Wengi wao hueleza kwamba furaha ya kukombolewa hupungua wakiwakumbuka Wamisri waliokufa. Na kweli, Kitabu chenyewe hakiwafichi. Kinamtaja mjakazi aliyekaa nyuma ya jiwe la kusagia, kama lile ambalo bibi zetu walisagia ulezi. Mwanamke yule hakuwa amemfunga mtu yeyote, na mwanawe wa kwanza alikufa usiku uleule aliokufa mwana wa Farao.