Ubao unanirukia

*Napasua mbao kwa msumeno wa meza hapa Gonja. Juzi ubao wa mkaratusi uliruka ukanipiga tumboni. Sasa naogopa mashine. Nifanyeje? – Fundi, Gonja*

Pole sana, fundi. Ubao, hasa ukiwa mbichi au umepinda, hujifunga baada ya kupasuliwa na kuubana msumeno. Meno ya nyuma huunyanyua na kuurusha kwako. Funga nyuma ya msumeno kipande cha chuma cha kutenganisha mpasuko. Meno yazidi unene wa ubao kidogo tu. Simama pembeni, usivae glavu, na malizia kusukuma kwa kijiti. Umeme ukikatika, zima swichi papo hapo. Ukikatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, wahi hospitali. Kama tumbo bado linauma, kapimwe leo.