INTANETI YAKO NA JIRANI YAKO
Somo: Mithali 3:27-28



Tangu Starlink ianze Kenya Julai 2023, hata sisi wa Lokitaung tunaweza kuweka intaneti nyumbani. Sasa jirani yangu amebisha hodi: "Mama, nipe paswadi, mtoto aombe chuo." Nifanye nini?

Neno linanikataza kumwambia aje kesho, na kitu ninacho leo. Kwa hiyo simfukuzi. Lakini kumbuka visima vyetu vya laga: maji ya kunywa hunyimwi, ila kunywesha mifugo unamwomba aliyechimba. Intaneti nayo ina mkataba. Mara nyingi unaruhusu watu wa nyumba moja na wageni wao, sio boma la pili. Na kuuza bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa kisheria.

Basi mimi namkaribisha mtoto kwangu, namfungulia mtandao wa wageni wenye paswadi yake, anamaliza ombi lake. Pesa sichukui. Akihitaji kila siku, tunauliza kampuni kwanza.

Mpendwa, sadaka hutolewa kwa kilicho chako. Mungu atupe mkono mkunjufu na moyo wa haki. Amina.