Maswali na majibu: Dhahabu juu ya chuma cha samurai

Tsuba ni nini hasa?

Ni bamba linalokaa kati ya mpini na makali ya upanga wa Kijapani, mara nyingi la mviringo, kipenyo chake kama sentimita 7 au 8. Tundu la katikati linapitisha msuka. Wengi hudhani kazi yake ni kukinga upanga wa adui. Zaidi ni kuzuia mkono wako mwenyewe usiteleze ukakatwa na makali yako.

Nakshi za dhahabu zimegandishwa na nini? Gundi?

Hakuna gundi. Njia moja ni kuchimba mfereji kwa tindo, chini mpana kuliko juu, kisha waya wa dhahabu unagongwa humo mpaka unajitanua na kunasa.

Ninayoipenda mimi ni nunome, maana yake "mfumo wa kitambaa". Fundi anakwaruza chuma mistari myembamba mno, ya wima, ya mlalo na ya mshazari, hadi uso uwe kama msasa. Juu yake anaweka karatasi ya dhahabu na kuigonga. Meno yale madogo yanaing'ata. Hayashi Matashichi wa Higo, fundi wa karne ya 17 aliyetoka kwenye kazi ya bunduki, alisifika kwa ufundi huu.

Nimepata moja, ina kutu. Niisugue?

Weka msasa chini! Kutu ile laini, nyeusi ya kahawia, ni sehemu ya kazi. Kumamoto, ndiyo Higo ya zamani, mafundi hadi leo huotesha kutu kwa makusudi, halafu wanachemsha kipande kwenye chai ili kutu isimame na rangi iive. Naam, chai. Kutu nyekundu inayotoa unga ndiyo ya kuondoa, taratibu, kwa kipande cha mfupa au pembe.

Yangu si chuma, ina weusi wa zambarau. Ni rangi?

Huenda ni shakudo: shaba yenye dhahabu asilimia chache, iliyochemshwa kwenye dawa hadi ikageuka. Ukiisugua, utabaki na shaba tupu mkononi.

Nitatambuaje ya zamani?

Mimi huanza na kasoro. Dhahabu ya nunome ikibanduka, mikwaruzo huonekana chini yake. Kipande cha kumiminwa kwenye kalibu hakina, na mara nyingine kina vitundu vya hewa. Tazama pia tundu la msuka: vipande vya shaba vilivyogongewa pembeni huonyesha kuwa tsuba ilirekebishwa ikae upangani.

Tundu lisiloguswa nalo si ushahidi wa ughushi. Nyingine zilitengenezwa zitazamwe tu, hasa baada ya amri ya 1876 iliyokataza kutembea na upanga hadharani. Mafundi wengi waligeukia vyombo vya mapambo. Kano Natsuo, bingwa wa tsuba, alikuwa ameshaitwa na serikali kuchonga sarafu mpya za nchi.